Farasi Waliomsumbua Mzee Masatu

Wapendwa ndugu na marafiki mnaosoma ukurasa huu, nawasalimu kwa heshima zote na kuwaomba radhi kwa kuchelewa. Mzee Masatu tulimzika juma lililopita, nami kila niliposhika kalamu nilishindwa hata kuanza.

Siamini bado. Jumanne tulikunywa chai kibarazani kwake Makoko, Jumatano mwanawe akanipigia: "Baba mdogo, mzee hatunaye." Alianguka kando ya injini yake, spana mkononi.

Wengi mlimfahamu kwa ile pikapu ya kijani, yenye umri unaokaribia wetu. Ndiyo iliyompeleka marehemu mke wangu makaburini Bunda. Masatu aliendesha mwenyewe, polepole. Baada ya mazishi akaniambia, "Mwalimu, siku yangu ikifika, hii hii inipeleke nyumbani Butiama. Nisipakiwe kwenye gari la kukodi."

Alijivunia injini ile mno. Kitabu cha kiwandani kilisema ina nguvu za farasi tisini, naye aliwataja farasi hao kama mtu anayetaja ng'ombe wa zizi lake.

Mwaka huu akaipeleka Mwanza kwenye mashine ya kupimia nguvu za gari. Gari hupandishwa juu ya rola, likakanyagwa mafuta, kompyuta ikasoma. Ikasoma hamsini na nne.

Alirudi amenyong'onyea.

"Mwalimu, thelathini na sita wameenda wapi?"

"Hawajaenda popote, mzee."

"Ng'ombe thelathini na sita wakitoka zizini kwako, wewe utalala?"

Nilifundisha fizikia miaka mingi, nikajitahidi kumweleza. Enzi zile viwanda vingi vilipima injini ikiwa peke yake juu ya stendi: haizungushi feni wala dinamo, haina hata bomba lake la moshi. Rola za Mwanza hupima kinachofika magurudumuni, baada ya gia boksi na difu inayozungusha ekseli kula sehemu yao. Tena hewa ya huku kwetu juu ni nyepesi kuliko ya pwani, na injini huipata pungufu. Vipimo vyote viwili ni vya kweli. Vimepima vitu viwili tofauti.

Alinisikiliza kwa adabu, kisha akacheka. "Nyie walimu! Mtu akiibiwa, mnamtetea mwizi."

Siku chache baadaye nikamkuta ameifungua injini yote. Silinda hedi mezani, pistoni zimepangwa juu ya gazeti.

"Nawatafuta," akasema.

Nikamsihi aifunge. "Inapanda mlima wa Butiama na magunia yake. Unataka nini zaidi?"

"Nilikuwaga nalala nikijua ni tisini."

 

Siku ya mazishi injini ilikuwa bado vipande vipande. Mafundi wawili walioitwa kutoka mjini wakatazama, wakatikisa vichwa: gasketi ya kuziba silinda hedi imechanika, ya kwake haipatikani Musoma, na mpangilio ule aliuelewa mwenyewe tu. Wanawe wakanigeukia. "Baba mdogo, wewe ndiye uliyekuwa unaizungumza naye kila siku. Tufanyeje?"

Nilijua kwa nini namba ilipungua. Kurudisha bolti moja mahali pake sikujua.

Basi akaenda Butiama kwa gari la kukodi. Niliketi nyuma, mkono juu ya jeneza. Mlimani gari lile jipya halikulalamika hata kidogo, nami niliumia kuona linavyopanda kirahisi.

Binti yangu Veronika ndiye atakayeyafikisha maneno haya ukurasani, maana macho yangu na simu hizi havipatani. Yaliyobaki ni yako, Masatu.

Nisamehe, ndugu yangu. Ulinijia na huzuni, nikakupa somo. Wanao wananiuliza waifanyeje pikapu, na mimi nasimama tu pale mbele ya meza yako, kofia mkononi. Hakuna farasi aliyetoroka, mzee. Wale thelathini na sita hatukuwahi kuwa nao, na bado tulifika kila tulikokwenda. Acha kuwatafuta sasa. Lala salama.