Klachi ya Tatu na Salamu za Mlimani

Gari ninaloendesha lilikusudiwa mtu mwenye shingo imara na haraka zake. Ni la binti yangu wa mwisho, mhandisi wa mitambo. Alipokuwa akifanya kazi Mbeya alilifungia tabo, yaani ile feni inayoisukumia injini hewa kwa nguvu, akalibadilisha bomba la moshi, kisha akalirekebisha mpaka likawa na nguvu karibu mara mbili ya zile lilizotoka nazo kiwandani. Alipohamishiwa Dar es Salaam aliniachia. Alidai kwamba foleni za huko zingelionea. Mimi nadhani alichoshwa na askari wa barabarani. Nililipokea kwa sababu nyumba yangu iko Ibighi, shamba langu la viazi liko Isongole, na katikati pana mlima.

Baada ya miezi minane klachi ilikufa. Nikafunga nyingine ya aina ileile, nayo ikafa kabla sijavuna.

Nilifundisha fizikia kwa miaka thelathini na miwili, na katika muda wote huo sikumruhusu mwanafunzi yeyote kuandika "inasemekana" katika daftari la majaribio. Lakini Tukuyu nzima ilikuwa na la kusema kuhusu klachi yangu. Jirani yangu alieleza kwamba ukungu huingia kwenye giaboksi. Dereva wa bodaboda aliyenipeleka shambani gari likiwa bovu alilaumu vipuri bandia, kisha, tulipopita kona, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba huenda kuna mtu. Nilimwuliza mtu huyo angeifikiaje klachi bila kuteremsha giaboksi. Aliongeza mwendo mpaka Isongole. Mzee wa kanisa aliahidi kuniombea. Nilimsihi ataje katika sala hiyo kwamba tatizo liko kwenye klachi, ili maombi yasije yakaishia kwenye breki.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu, tena yaliyojaribiwa. Nilipanda mlima kwa gia ya tatu, nikakanyaga mafuta. Injini ikapaza sauti, mwendo ukabaki palepale. Klachi ilikuwa ikiteleza. Kwa hiyo, nilihitimisha, nguvu ya injini imezidi uwezo wa klachi kushika. Nilimwandikia binti yangu hayo kwa simu, aya tatu zenye hesabu. Akanipigia.

"Baba, nakutumia klachi ya magari ya mashindano. Springi zake kali, na pleti yake ina vipande vya shaba. Hiyo itaibeba injini ile bila wasiwasi. Kwa hiyo ikiungua na hiyo, tatizo si injini."

"Litakuwa nini?"

"Mguu wako."

"Una ushahidi?"

"Bado. Ila ikiungua, nakuja kulichukua gari. Mama ameshakubali."

Mke wangu alikuwa akichambua maharage pembeni yangu. "Nimekubali," alisema, bila kuinua macho.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Mtu aliyezoea kujipeleka mwenyewe anapoanza kupelekwa, hata saa ya kurudi nyumbani huamuliwa na wengine. Nimewaona wenzangu waliostaafu wakikaa barazani na viatu vyao miguuni tangu asubuhi, wakimsubiri mpwa ambaye amesema yuko njiani.

Klachi ilipofika niliipeleka kwa fundi mwenye gereji kata ya Bagamoyo, yaani Bagamoyo yetu ya hapa mjini, isiyo na bahari. Ni Mwislamu wa makamo, mpole, aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu. Niliwahi kumpa alama kumi na nane kwa mia, na hajasahau. Alipoteremsha giaboksi na kuichomoa klachi ya zamani, aliniita.

"Mwalimu, njoo usome."

"Nisome nini?"

"Haya madoa ya bluu kwenye chuma. Huu ni moto, na si wa siku moja. Hii klachi imepikwa taratibu, kila siku, kama makande. Wewe unalining'iniza gari mlimani."

Kuning'iniza gari, kwa asiyejua, ni kulizuia lisirudi nyuma kwa kuachia klachi nusu na kutia mafuta kidogo, badala ya kuvuta handbreki.

"Nani kakuambia?" niliuliza.

"Chuma."

"Chuma hakijui ni nani aliyekanyaga."

"Basi tufanye mtihani wa vitendo, Mwalimu. Leo nasahihisha mimi."

Alifunga klachi mpya, akanawa mikono, akaketi kando yangu na nati tele katika mfuko wa shati. Kanyagio lilikuwa zito kama la lori. Tukaanza kupanda kuelekea Ibighi.

Hatukufika mbali kabla ya kukutana na mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani. "Mugonile, tata," alinisalimu, yaani umelalaje, baba, nami nikapunguza mwendo.

Hapa sina budi kueleza desturi. Kwetu mtu mzima hapitwi bila salamu, na salamu yetu haiishi kwa neno moja: kuna kulala, kuna nyumbani, kuna watoto, kuna ng'ombe. Lakini ukivuta handbreki umetangaza kwamba umefika. Aliyefika hushuka, hutoa mkono, husikiliza habari za msiba, na haondoki mikono mitupu. Kwa hiyo sisi madereva wa milimani tulikwisha kupata njia ya katikati. Gari linaning'inia kwa klachi: mguu unasema ninapita, mdomo unasema ninakuheshimu. Nilikuwa nikifanya hivyo kwa miaka mingi bila kujua kwamba ninafanya.

Klachi mpya haikuwa na nusu. Ilishika au iliachia. Nilipofika kwenye habari za watoto gari liliruka mbele hatua moja, injini ikazimika. Yule mama alijikuta ng'ambo ya mtaro, mkungu ungali kichwani, jambo ambalo kifizikia bado ninalitafakari.

"Moja," alisema fundi, akaweka nati juu ya dashibodi.

Mpaka tunafika kwangu zilikuwa tisa. Ya tisa aliisababisha mchungaji mstaafu, ambaye aliinama dirishani akaniuliza kama nimepatwa na kiharusi.

"Tisa, Mwalimu," alisema fundi. "Kwenda tu. Zidisha kwa kurudi, zidisha kwa miezi minane. Mimi siwezi, nilipata kumi na nane."

"Kumi na nane na nusu," nilimjibu. "Nusu niliiondoa kwa sababu ya mwandiko."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaikaza waya ya handbreki, iliyokuwa imelegea kama kamba ya kuanikia nguo.

Kwa wiki moja nilijaribu kupiga honi na kupunga mkono nikipita. Siku ya sita mke wangu aliambiwa sokoni kwamba Mwalimu ameanza kujiona. Nikabadili mwenendo: kila aliyenisalimu nilisimama, nikavuta handbreki, nikashuka. Goti la kushoto lililalamika kwa ajili ya kanyagio, la kulia kwa ajili ya kushuka. Nikitoka nyumbani saa moja nilifika shambani saa nne, gari limejaa ndizi na maparachichi. Mjini ikavuma kwamba nimeokoka. Mzee wa kanisa alisimama ibadani akashukuru kwa maombi yaliyojibiwa, watu wakageuka kunitazama. Nilikuwa na ushahidi wa kutosha kumpinga, nikaukalia.

Mavuno yalipokwisha binti yangu alikuja. Hakunywa hata chai. Aliingia garini, akavuta handbreki, akatia gia ya nne, akaachia klachi. Klachi iliyochoka huteleza hapo na injini huendelea kunguruma. Hii iliizima papo hapo. Akarudia. Ikazimika tena. Mimi nilisimama kibarazani, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani ambaye majibu anayo mfukoni.

"Nipeleke Isongole," alisema.

Tulisimama mara kumi na moja. Kuanzia ya tatu walimtaka ashuke naye, wamwone. Mara nne aliulizwa ataolewa lini, na mara moja alioneshwa mchumba, aliyekuwa akipalilia. Tulipofika shambani jua lilikuwa la utosi. Alikuwa amepakata mkungu wa ndizi na kuku aliyefungwa miguu, na viatu vyake vya mjini havikuwa tena na rangi yoyote.

Alinyoosha mkono mbele yangu, akazima injini, akauchomoa ufunguo, kisha akaniwekea kiganjani.

"Klachi ni nzima. Baki nalo, Baba," alisema. "Mimi kurudi nitatembea kwa miguu. Nitakutangulia."