Spika Rispah na Mchungaji Aliyetumwa

Katika jumba la Mirdif, huku ughaibuni, anakofanya kazi za ndani, Rispah huomba ruhusa hata ya kwenda getini kupokea kifurushi. "Madam, naweza?" Amesema hivyo miaka mingi, mpaka sauti anayoitumia kule imekuwa nyembamba kuliko sauti yake mwenyewe. Lakini Jumapili, katika ukumbi tuliokodi upande wa Jebel Ali, alikuwa akishika mwiko tu, watu wazima wananyamaza.

Ulikuwa mwiko wa ugali, umeungua nchani. Ushirika wetu ulianzia jikoni, kabla hatujapata ukumbi, na siku hizo aliyesonga ugali ndiye aliyesikilizwa, maana chakula kilikuwa mikononi mwake. Desturi ikabaki. Baada ya ibada tulikaa kwa chai, anayetaka kusema akainua mkono, na Rispah akampa mwiko. Asiye na mwiko hasemi. Mkutano huo tuliuita bunge, kwa mzaha wa Kikenya, na Rispah, binti wa Vihiga asiyemaliza sekondari, tukampigia kura kuwa Spika. Kila mwaka tulimrudisha.

Bunge ndilo lililoanzisha matanga ya mbali. Wengi wetu hatupewi likizo ya kwenda kuzika. Kwa hiyo mtu akifiwa, tulikutana ukumbini saa ileile ya mazishi, simu ikaegemezwa kwenye thermosi, tukatazama pamoja. Kabatini tuliweka kopo la maziwa ya unga lililojaa udongo mwekundu, ambao kila aliyetoka nyumbani aliuongeza kidogo. Jeneza likishushwa kule, mfiwa alimwaga udongo huku, juu ya leso. Unaweza kuona ni jambo dogo. Nilimwona baba mtu mzima, askari wa duka kubwa, akipata usingizi kwa sababu ya leso ile.

Kisha Askofu akatutumia mchungaji.

Mchungaji Francis alifika na barua yenye muhuri, na sanduku moja. Alikuwa kijana kuliko tulivyotegemea, na mwoga kuliko alivyotaka tujue. Barua ilisema yeye ndiye mkuu wa ushirika, mwenye ufunguo na mwenye kuteua wazee. Sisi tulikuwa tumempangia chumba mtaa wa Discovery Gardens na zamu za kumpikia. Chuoni nilisoma habari za makoloni ya zamani, jinsi walowezi walivyokuwa na baraza lao, halafu mfalme akawapelekea gavana asiyewajua, naye akitegemea mkate wao. Sikudhani ningeyaona hayo nikiwa na kikombe cha chai mkononi.

Eseza, Mganda wetu mwenye mdomo, alimbatiza siku ya kwanza. "Gavana amefika! Hakupigiwa kura, lakini chapati anakula za wapiga kura."

Tulicheka. Yeye hakucheka. Alipotaka kusema kwenye bunge, Rispah alimnyooshea mwiko kama mtu yeyote. Mchungaji akautazama kama amepewa kijiko kichafu, akasema bila kuushika. Tangu hapo hakuwahi kumwita Spika. Alimwita "dada yule".

Agosti mama yake Rispah akafa. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Madam alikuwa na wageni, akampa ruhusa ya mchana huo tu. Rispah akamwendea Mchungaji kuomba ukumbi, mimi nikiwa naye.

"Kibali cha ukumbi ni cha ibada," alisema. "Matanga si ibada. Jirani akilalamika, nitakayeitwa ni mimi, siyo bunge lenu."

"Tumefanya miaka yote, Mchungaji."

"Ndiyo maana nimetumwa." Akageuzageuza ufunguo. "Nitafungua. Lakini Jumapili nitatangaza wazee niliowachagua mimi, na mambo ya mwiko yaishe. Wewe ndiye utakayewaambia. Wewe watakusikia."

Jioni ile tulikutana katika basi la Duncan, ambaye hubeba wafanyakazi wa hoteli. Duncan ndiye aliyepewa mwiko kwanza.

"Spika, mpe anachotaka. Mama ni mama. Siasa tutajipanga baadaye."

Mikono mingi ilikubali. Nami wangu ulikuwa juu. Rispah aliitazama mikono hiyo mmoja mmoja.

"Nikimzika mama kwa bei hiyo," alisema, "wako, Duncan, atazikwa kwa bei gani? Kule Mirdif naomba hadi hewa. Hapa nilikuwa siombi."

"Sasa tutamlilia wapi?" Eseza aliuliza.

Rispah aligonga kiti kwa mwiko. "Hapahapa. Arbab wako, mwenye basi, atakubali, Duncan?"

"Akikubali, ni saa moja tu. Na hakuna kuimba, tafadhali. Watu wakijaa nje, khalas, imekwisha, kazi sina."

Jumamosi Duncan aliliegesha basi nje ya ukumbi uliofungwa, kwa kuwa ndiko tulikozoea. Mapazia yalishushwa. Simu iliegemezwa kwenye usukani. Tuliona migomba, mahema, ndugu zake Rispah wakitafuta pa kusimama. Leso ilitandazwa katikati ya viti, tupu. Kopo la udongo lilikuwa kabatini, nyuma ya kufuli la Mchungaji. Hakuna aliyelitaja. Rispah aliketi akiushika mwiko kwa mikono miwili, akitazama leso.

Mlango wa basi ukagongwa.

Duncan aligeuka kijivu. "Ya Allah! Ni polisi?"

Mtu mmoja akachungulia pazia. "Ni Gavana."

Hakuna aliyesogea. Kule Vihiga wanaume walikuwa wameshika kamba. Akagonga tena.

"Mfungulie," Rispah alisema.

Mchungaji Francis alipanda, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Kwapani alikuwa na kopo. Alisimama kwenye ngazi, na hakuna aliyempisha. Nilikuwa nikingoja aseme bei nyingine. Nadhani kila mtu alikuwa akiingoja. Alitazama simu, akatazama leso. Kisha akainua mkono, kiwango cha bega tu, kama mwanafunzi asiye na hakika.

"Spika," alisema. "Naomba nafasi."

Jeneza lilianza kushuka. Rispah hakumpa mwiko. Alinyoosha mkono mwingine, akalichukua kopo.

"Subiri, Mchungaji. Udongo kwanza."

Alilifungua kwa meno, akachota kwa mwiko, akamwaga. Akachota tena. Hatukuimba, kama tulivyoahidi. Ilisikika tu mashine ya ubaridi ya basi, na udongo ukianguka juu ya leso, na Mchungaji akingoja zamu yake, mkono ungali juu.