Mwanga Juu ya Paa la Mwantumu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa fagio na ndoo, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeviweka chini vyote viwili. Ofisi ilikuwa Korogwe, ya serikali, na bendera yake bado mpya. Alikuja mama mmoja kutoka Magoma, ametembea tangu alfajiri, anataka kueleza mwanga aliouona angani. Alisema Kishambaa kitupu. Karani wa zamu, kijana mgeni wa huku, akawa anampigia kelele, kama vile ukipaza sauti ndiyo lugha inaingia. Mimi mama yangu Mshambaa, baba yangu Mzigua wa Handeni. Nikaegemeza fagio ukutani, nikamwamkia yule mama, nikaanza kufasiri.

Karani Mkuu alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Akaniuliza, "Unajua kuandika?"

"Darasa la pili, bwana. Na chuo cha Kurani."

"Basi kaa uandike alichosema. Usiandike unachofikiri amesema."

Fagio akapewa mwingine. Ndivyo nilivyoingia katika kazi ambayo wajukuu wangu wanaicheka mpaka leo: mchukua maelezo. Wao wanadhani bibi yao alikuwa akilipwa kuhesabu nyota. Hapana. Miaka ile, nchi bado changa na kusini ya mpaka kuna vita, ofisi zilikuwa na hofu ya ndege za adui. Mtu akisema ameona taa angani, lazima lifunguliwe jalada, na lazima mtu aende akaulize. Mabwana wakubwa hawakutaka kupanda milima ya Vugiri kwa miguu kumuuliza mchunga mbuzi ameona nini. Nikapanda mimi.

Huyo Karani Mkuu alikuwa ameshika milingoti ya wapima ardhi kwa miaka mingi kabla ya Uhuru, na alinifunza kazi kama wapima wanavyoifanya. Kwanza, shahidi huulizwa peke yake, mwenzake asisikie. Pili, usimtajie neno ambalo yeye hajalitaja, ukimuuliza "lilikuwa na mabawa?" kesho litakuwa na mabawa. Tatu, mpeleke mchana mpaka pale aliposimama usiku ule, nyayo kwa nyayo. Anyooshe mkono, akunje ngumi, akuonyeshe mwanga ulikuwa ngumi ngapi juu ya ardhi. Kisha achomeke vijiti viwili kwa mstari, kimoja karibu naye, kimoja mbali, vielekee kule alikouona. Maneno huhama, alikuwa akisema, kijiti hakihami.

Yule mama wa Magoma vijiti vyake vilielekea nyota ya jioni. Wapo wengine walioona moto wa mashamba ya mkonge ukimulika mawingu kwa chini. Wapo watatu ambao sikupata jibu lao, nikaandika "sijui", na Karani Mkuu akatia sahihi bila kuuliza. Huyo ndiye mkubwa pekee niliyewahi kumwona akitia sahihi chini ya "sijui".

Alipostaafu, mimi nikahamishiwa upande wa Handeni, chini ya Katibu Tarafa. Tarafa siitaji, na yeye simtaji, maana ana watoto, na watoto hawakukosa.

Ilikuwa miaka ya kuhamia vijijini. Wazigua walizoea kukaa kwa ukoo, nyumba nne tano zimezunguka uwanja, milango inatazamana. Sasa wakaletwa mahali pamoja, nyumba zikapangwa mstari mmoja mnyoofu kama askari, na amri ikawa milango yote itazame upande mmoja, ili mgeni akija aone kijiji kimependeza. Sisemi yote yalikuwa mabaya. Shule ilipatikana na mimi mwenyewe nilifundisha kina mama kusoma chini ya bati lake. Nasema tu vile nyumba zilivyokaa, kwa sababu shauri zima liko hapo.

Mbele ya mstari ule, peke yake, kulikuwa na nyumba ya Mwantumu. Mjane, mkunga, amezalisha nusu ya watoto wa kijiji kile. Alipewa kiwanja nje ya mstari kwa kuwa alichelewa kuhama. Siku malori yalipokuja kuwahamisha watu, alikuwa anamzalisha mtu.

Siku moja ya kiangazi Katibu Tarafa aliniita. Faili lilikuwa mezani, tayari limeandikwa.

"Ndugu Zaina, kuna mwanamke anarusha taa. Mashahidi tisa. Jumamosi kijiji kinakutana kumfukuza. Nenda ukachukue sahihi zao."

"Maelezo yamechukuliwa na nani, Ndugu Katibu?"

"Yameshachukuliwa."

"Na nani?"

"Wewe mama, ukitumwa maji unauliza mto umetoka wapi?"

Nikalisoma njiani. Maelezo tisa, maneno yale yale, hata nukta zimekaa pamoja. "Nimeona mwanga juu ya paa la Mwantumu, nadhani ni ishara kwa ndege za adui." Wazee wa Kizigua hao, ambao hata siku moja hawajasema "ishara kwa ndege za adui". Wenyewe walikuwa wakinong'ona uchawi. Ofisi ikawaandikia ujasusi. Hapo ndipo nilipoanza kukasirika, na niseme kweli, hasira ile haijaisha.

Nilifika Jumatano. Mwantumu alikuwa amekaa ndani ya nyumba yake, na juu yake mbingu tupu. Walikuwa wameshaliezua paa. Mkutano Jumamosi, paa limeondoka Jumatatu! Nyasi zimerundikwa nje, na fito zimechukuliwa na watu wasiojulikana, ingawa kila mtu aliwajua.

"Shikamoo, dada," nikamwambia, maana alinizidi miaka.

"Marahaba. Umekuja kuchukua na kuta?"

"Nimekuja kuuliza."

"Mwee! Wanauliza baada ya kuezua." Akanisogezea kigoda. "Mimi taa yangu ni kandili. Natoka nayo nikiitwa kuzalisha. Wao wenyewe ndio huja kuniita, wananishika mkono, 'Mama, washa taa twende'. Leo taa imekuwa kosa."

Alikuwa na shamba la mihogo nyuma ya nyumba, limekaribia kung'olewa. Akifukuzwa Jumamosi, lilikuwa linabaki. Na mawingu ya vuli yalikuwa yameshaanza kujikusanya. Mwanamke wa umri ule, hana paa, hana chakula, ameandikwa jasusi: kijiji gani kingempokea?

Nilianza na mashahidi siku ile ile, mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Mzee Semndili, mwenye maneno mengi. Nilipompa vijiti akacheka.

"Unapima kaburi la nani, binti?"

"La uongo, mzee. Ulikuwa umekaa wapi?"

"Mlangoni pangu. Mtu hukaa wapi baada ya isha?"

"Onyesha ngumi."

Akakunja ngumi, akafumba jicho moja, akaitazama kwa muda. Kisha akaifungua na kuacha kidole kimoja. "Si ngumi. Kidole tu juu ya paa lake. Unashuka, unazimika, unawaka tena pembeni kidogo."

"Siku gani?"

"Jumatatu. Na siku ya gulio, Alhamisi."

"Na ndege za adui?"

"Ndege gani?" akasema. Nikamsomea maelezo yake. Mzee akasema, "Mimi nilisema mwanga tu. Aliyeandika alisema ndivyo serikali inavyotaka."

Wote tisa walikuwa wamekaa milangoni. Wote tisa, kidole kimoja juu ya paa. Milango yote ilitazama upande mmoja, na upande huo nyumba ilikuwa moja. Wangekuwa bado kwenye nyua zao za zamani, wangekuwa wanatazamana nyuso. Lakini vijiti vyao havikukutana kwenye paa la Mwantumu. Nilivifuata kwa macho: vilipita juu yake na pembeni yake vikaendelea, karibu sambamba, kuelekea kaskazini, kwenye ukungu wa moshi. Miezi miwili watu walikuwa wanachoma mashamba, na wageni wale wa kijiji kipya, tangu wahamie, hawakuwa wameona kilichoko nyuma ya moshi ule. Kule walikotoka kilima kiliwaziba. Nami sikuona kitu, na sikuweza kuandika nisichokiona.

Nililala kwa Mwantumu usiku ule na wa pili, chini ya jamvi tulilolifunga kwenye pembe ya ukuta. Alhamisi baada ya isha nilikaa nje nikiungoja mwanga, lakini mawingu ya mvua yalikuwa yamefunga, sikuona kitu. Alfajiri ya Ijumaa mvua ikashuka. Mvua ya kwanza ya vuli, ya nguvu. Jamvi likaelemewa. Tuliokoa kandili, unga na kitambaa chake cha kuzalishia, vingine vyote vikalowa. Mwantumu hakulia. Alikuwa anakunja nguo zilizolowa, moja moja, kana kwamba anazipeleka kabatini.

Kulipokucha nikatoka na matope mpaka magotini, nikainua uso. Moshi umeoshwa wote. Usambara imesimama pale kana kwamba imewekwa usiku, na ubavuni mwake mstari mwembamba, mwekundu, unaopinda na kupinda: barabara ya kuteremka kutoka Vugiri, kwenye mashamba ya chai. Mchana moshi ulikuwa unauficha mlima wote, lakini usiku taa kali ya gari hupenya moshi.

Nilitembea mpaka barabara kuu, nikapata lori mpaka Korogwe, nikamtafuta dereva wa lori la chai. Nikamkuta anakula ndizi.

"Unateremka siku gani?"

"Jumatatu na Alhamisi, mama. Baada ya isha, chai ikishapakiwa."

Nikamweleza. Akaacha kutafuna. "Kwa hiyo mimi ndiye jini lao?"

"Wewe ndiye jasusi," nikamwambia, na hata yeye hakucheka.

Jumamosi kijiji kikakutana. Katibu Tarafa alikuja na gari, akakaa kwenye meza, akasema, "Tusipoteze muda. Ndugu Zaina, sahihi."

"Sahihi ziko ardhini, Ndugu Katibu. Njoo uzione."

"Unasemaje?"

"Nasema inuka. Vijiti havisomeki ukiwa umekaa."

Watu wakaguna. Akainuka kwa kuwa wote walikuwa wanamtazama. Nikamsimamisha mlangoni kwa Mzee Semndili, nikamwinamisha nyuma ya kijiti kama alivyonifunza Karani Mkuu. Akatazama. Nikampeleka kwa wa pili, kwa wa tatu. Alipofika kwa wa tano akasema, "Basi, nimeona." Nikamwambia bado wanne. Nikamzungusha wote tisa, na watu wakaja nyuma yake, wakifumba jicho moja, mmoja baada ya mwingine, mpaka wanawake waliobeba watoto. Kisha nikawasomea maneno ya dereva. Mtu mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Lori?" Wengine wakatazama chini.

Katibu Tarafa akasafisha koo. "Kama mlivyosikia, ofisi imechunguza na imebaini ukweli. Mkutano umefungwa."

"Na paa?" nikauliza.

"Hilo litaangaliwa."

"Liangaliwe sasa. Waliolishusha wako hapa."

Siwezi kusema niliwahurumia. Niliwataja kwa majina, nikawasimamia, na jua lilipozama nyumba ilikuwa imeezekwa, nyasi mbichi, fito zikiwa zimerudi zenyewe kutoka kusikojulikana. Nilidhani nimemaliza kazi.

Mwantumu alingoja wiki tatu. Akang'oa mihogo, akaikausha, akaitia kwenye magunia. Kisha akasimamisha lori barabarani na kwenda kwa ndugu zake upande wa Makuyuni. Nilimkuta siku ya kuondoka, nikamwambia, "Dada, si umeshasafishwa?"

"Nilichafuka lini?" akanijibu. "Kila mmoja aliyekuwa juu ya paa langu, mke wake nimemshika mimi. Wakiniita tena usiku, nitawasha taa nikijua nini?"

Taarifa ya mwisho niliiandika mwenyewe. Fomu ilikuwa na sehemu ya hasara. Nikaandika: paa moja, mkunga mmoja. Katibu Tarafa akakata kwa wino mwekundu.

"Mkunga hajafa."

"Sikuandika amekufa."

"Hasara hakuna," akasema, akaandika hivyo, akatia sahihi yake, na taarifa ikaenda juu kwa jina lake. Mwaka uliofuata akapanda cheo. Wajawazito wa kijiji kile wakawa wanabebwa kwa kitanda mpaka barabara kuu, kungoja gari lolote lipite. Si wote waliofika barabarani.

Nilistaafu nikiwa na jalada jembamba na miguu mibovu. Siku hizi vijana huja na kuniuliza, bibi, uliwahi kuona cha ajabu angani? Wanataka niwape chombo chenye madirisha. Nawaambia niliona angani mambo matatu nisiyoyajua, na hayakunisumbua hata usiku mmoja. Yaliyonisumbua yote nilimjua aliyeyaanzisha, jina lake na nyumba anayokaa. Ukitaka kuchunguza mwanga, kijana, kwanza uliza nani anakaa chini yake, na wamemfanya nini kabla hujafika.

Mwaka niliostaafu walinijia wanaume wawili wa kijiji kile, wamevaa kanzu za kuendea mahali pa heshima. Waliniamkia vizuri, wakala chakula changu, wakasema kijiji kinamwomba Mwantumu arudi, kiwanja chake kipo, hakijaguswa. Na kwa kuwa yeye ananisikiliza mimi, je, nisingeenda kumwambia?

"Makuyuni mnaijua?" nikawauliza.

"Tunaijua, mama."

"Basi nendeni wenyewe. Simameni mlangoni kwake mkamwambie mliyoniambia mimi."

Wakatazamana. Mkubwa wao akasema, "Tutaliangalia hilo."

Hawakwenda. Mwantumu alifia Makuyuni miaka sita baadaye, na kutoka kijiji kile nilimwona mazikoni mtu mmoja tu, mwanamke, na tumbo lake lilikuwa la miezi minane.