Mayai ya Kamongo Kwenye Mizizi ya Nyanya

Kwa miaka mingi niliamini kwa moyo wangu wote kwamba kamongo, yule samaki wa matopeni, anataga kwenye mizizi ya nyanya. Sikuamini nusunusu. Ungenisimamisha mahakamani pale Musoma ningeapa, na usiku ningelala usingizi mnono kuliko hakimu. Mtaa wetu mzima wa Makoko, pale ukingoni mwa ziwa, tuliamini. Ushahidi ulikuwa mkononi: ng'oa mche wa nyanya ulionyauka kwenye bustani inayomwagiliwa kwa maji ya ziwa, tikisa udongo, mizizi yote imejaa mafundo, madogo kwa makubwa, kama shanga zilizotungwa na mlevi. Halafu siku moja pampu ya jirani ikaziba. Walipofungua mpira wa kuvutia maji wakamkuta kamongo mdogo kajikunja humo, mzima kabisa, anawatazama kama mtu aliyeamshwa. Hapo kesi ikaisha. Watu wakasema kumbe anavutwa na pampu akiwa mchanga, anamwagwa bustanini, anazama kwenye tope kama ilivyo desturi yake, na kwenye mizizi anaacha mayai.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, mtu mzima mwenye ndevu, na biolojia nilikuwa naipendaga kuliko ugali. Niliona uvumi ule una akili. Kamongo ana mapafu, anapumua hewa kama mimi na wewe. Anayeweza kupumua shambani atashindwaje kutaga shambani?

Jambo hili lingebaki la kuchekea kijiweni kama lisingegusa mwiko. Mwenye bustani kubwa ya nyanya pale ukingoni ni dada yangu mkubwa, mjane. Nyanya zake ziling'aa hata usipokuwa na taa unaziona. Binti yake akaposwa na familia ya wakulima wa pamba na wafugaji wa Buswahili, upande wa Butiama, watu wapole, wenye adabu hadi ng'ombe wao wanasalimia. Tatizo moja tu: ukoo wao hauli kamongo. Si kwamba hawampendi. Ni mwiko wa tangu babu wa babu zao, na mwiko ule hauangalii sura ya kitu, unaangalia asili yake. Kikiwa kimetokana na kamongo, hicho ni kamongo, hata kikija na rangi nyekundu kwenye mchuzi.

Siku ilipangwa ya wakwe kuja kula kwa dada kwa mara ya kwanza. Kwetu mahari inaweza kufika na mifugo ikahesabiwa, lakini mpaka wakwe waoshe mikono na kula chakula cha jiko lako, bado mnatazamana tu. Uvumi ukawafikia kabla ya siku hiyo. Wakatuma ujumbe wa heshima mno: watakuja, ila waruhusiwe kuja na chakula chao.

Dada alichukua jembe. Wengine wakikasirika wanapiga kelele, dada akishika jembe hata kuku wanahama uwanja. Kisha akasema ataing'oa bustani yote kabla hawajafika. Bustani ile ndiyo iliyomlea binti tangu baba yake afariki, na sasa ndiyo ilikuwa inamkosesha binti ndugu wapya.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi ya kuendesha pikipiki kwa mtafiti mmoja, mwanamke mdogo kwa dada yangu, mzaliwa wa Bunda, mtoto wa mkulima wa pamba. Tulimwita Dokta, naye akaniita kaka. Kazi yangu ilikuwa kumbeba yeye, jembe, mifuko ya udongo na boksi la barafu tuliyoinunua kwa wauza samaki. Pikipiki ile ilibeba mzigo ambao punda angeomba uhamisho. Tulizunguka Makoko kwenye nyanya, tukaenda Bunda kwenye pamba, tukapita hadi njia za Buhemba, ambako kila aliyetuona tunachimba alisimama akidhani tumegundua dhahabu. Tukiinua mizizi, anaondoka amenuna.

Sijaona mtu mwenye mikono kama ya Dokta. Mzizi aliuosha kama mama anavyomwosha mtoto wa siku moja, anakinga kiganja chini, maji yanapita taratibu. Kisha anachukua sindano, anapasua fundo, anatoa kitu ambacho mimi kwa macho yangu nilikuwa naapa hakipo. Unainamia hadubini, unakiona: cheupe, mviringo chini, shingo nyembamba juu, kibuyu cha maziwa chenyewe, ila kidogo kama punje ya chumvi. Huyo ni mnyoo jike, aliniambia. Wakulima wa vitabuni wanamwita mnyoofundo. Anaingia kwenye mzizi, anatulia humo, anafyonza. Kwenye pamba ana mwenzake, kuvu anayeishi kwenye udongo. Mnyoo akishatoboa mzizi, kuvu anapita hapohapo, anaziba njia za maji, na mche unanyauka mvua ikiwa inanyesha. Baba yake alipoteza shamba zima namna hiyo, akadhani karogwa. Dokta alienda shule mpaka shule zikaisha ili ajue nani alifungua mlango na nani aliingia.

Alinionyesha pia kuvu wa aina nyingine, rafiki yetu huyo. Alikuwa anamfuga kwenye kisahani cha plastiki, anamtazama kila asubuhi kama mtu anayekwenda kukamua ng'ombe. Nyuzi zake zinajifunga vitanzi, na mnyoo mchanga akipita katikati, kitanzi kinavimba na kumbana. Nilikaa pale nikitazama mnyoo mmoja akihangaika mpaka shingo yangu ikakauka. Wavuvi wetu wanasuka mgono wa kunasia samaki siku nzima kwa mikono kumi. Kile kitu kinasuka peke yake, hakina hata jicho. Nikamwambia Dokta kama angekuwa na ufundi huo ziwani angekuwa tajiri. Akasema angefurahi zaidi akiwa na ufundi huo kwenye pamba ya baba yake.

Na kazi yake kubwa haikuwa kutazama. Ilikuwa kusoma jenomu, ya mnyoo na ya kuvu, yaani vinasaba vyote anavyobeba kiumbe, alivyorithi kwa waliomtangulia. Alikuwa anatafuta ni nini hasa kinamwezesha mnyoo huyu kuudanganya mzizi umjengee nyumba, na ni nini kinamwezesha kuvu yule kumnasa. Mtu anaweza kuhangaikia swali hilo miaka, na jioni akarudi na vichupa vyake anacheka.

Sasa utasema, kama nilionyeshwa mnyoo, kamongo alibakije kichwani mwangu? Alibaki vizuri sana. Masomo ya jioni yalinifundisha kwamba kiluwiluwi hafanani na chura, lakini ni chura mtarajiwa. Basi nikaona jibu: mnyoo ni kamongo mchanga. Tulipokuta mafundo kwenye pamba ya Bunda, milimani kule, ambako maji ya ziwa hayajawahi kufika hata kwa ndoo, nilimpigia kamongo saluti moyoni. Nilijua ametembea.

Nilimsimulia Dokta habari ya dada na wakwe. Akaomba aje siku hiyo na hadubini, na dada asing'oe kitu mpaka wageni wafike. Dada alimsikiliza akiwa ameshika jembe.

"Nitangoja siku hiyo tu," alisema. "Wakifunua masufuria yao kwangu, wataondoka wameacha shamba jeupe."

Wakaja kwa gari. Mzee, baba wa kijana anayeoa, mbele, fimbo mkononi. Dada yake, shangazi wa bwana harusi, nyuma. Na vijana wawili wamebeba masufuria yaliyofungwa kwa khanga, wakayaweka mlangoni kwa upole kama wanaweka mgonjwa. Hakuna aliyeyataja. Tulisalimiana, tukaulizana habari za mvua, za ng'ombe, za mvua tena. Ndani, nyama ya dada ilikuwa inachemka na nyanya zake, na harufu ilikuwa inatusema wote.

Dada hakungoja kuambiwa. Alitoka, akang'oa mche mmoja wenye mafundo, akauweka kwenye beseni mbele ya mzee. Dokta akaosha, akapasua, akaweka hadubini sawa, akamkaribisha. Mzee akainama. Akakaa humo muda ambao ungechunga mbuzi hadi Butiama na kurudi.

"Kaka, umepata mchumba humo?" shangazi akauliza.

Mzee hakucheka. Aliinuka, akafuta jicho, akasema kibuyu amekiona, na mayai yake ameyaona. Kisha akamgeukia Dokta.

"Binti, nina ndama mweupe, mama yake mweusi tii. Kwa hiyo sura hainiambii kitu. Kiluwiluwi naye hajui kama ni chura. Mimi siulizi anafanana na nani. Nauliza ni wa ukoo gani."

Nilitaka kusimama nimkumbatie. Lilikuwa swali langu lilelile, ila limevaa vizuri. Nikamtazama Dokta, nikidhani amebanwa. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyeletewa zawadi. Alimwambia kwamba hilo ndilo swali lililomfanya asome. Akamuuliza: baba, ukisimama kwenye msiba unataja babu zako mpaka wapi? Mzee akasema mpaka watu waombe maji. Basi, akasema Dokta, na mnyoo naye anawabeba babu zake wote mwilini, ila hana mdomo. Mashine ndizo zinazomtajia. Msimu uliopita alichukua minyoo kwenye bustani hii hii na kwenye pamba ya Bunda, akaipeleka maabara, akaisoma. Wa hapa na wa kule ni wa ukoo mmoja, wa minyoo ya mizizi. Kamongo hayumo, wala samaki mwingine yeyote. Na huyu aliyemwona ni mama mzima anayetaga. Ameshakua, hageuki kuwa kitu kingine. Anaishi mzizini, kwenye tunda hapandi.

Mzee akamuuliza kama ana uhakika. Dokta akanyamaza kwanza. Hicho ndicho ninachokikumbuka kuliko yote, kwamba alinyamaza, akafikiri, wakati dada yangu amesimama mlangoni na mwiko wa kusongea ugali mkononi na maisha ya binti yake kwenye jibu lile.

"Baba, mengi siyajui," alisema. "Sijui kwa nini mche huu umeugua na jirani yake mzima. Natafuta. Lakini hili la ukoo nimelisoma, nikalirudia, na ukitaka nitakusomea mbele yako."

Mzee akatafakari fimbo yake. Kisha akawageukia vijana, akawaambia kwa lugha ya kwao, taratibu, warudishe masufuria kwenye gari. Akaomba maji ya kunawa.

Dada alileta ugali mkubwa kama kilima cha Mukendo, na bakuli la nyama, mchuzi mwekundu umetanda juu. Aliliweka mbele ya mzee, mchuzi haukumwagika. Mzee akamega tonge, akalichovya mpaka vidole vikazama, akala. Akamega la pili. Shangazi akafuata, akauliza nani aliunga nyanya hizi, na binti akainamisha kichwa jikoni ili tusimwone anavyotabasamu.

Mimi bado nilikuwa na swali moja. Nikasogea karibu na mzee, nikamuuliza kwa sauti ya chini: sawa, nimesikia yote, lakini yule kamongo wa kwenye pampu je, tuliyemwona kwa macho?

Mzee akamaliza kutafuna, akameza.

"Mjomba," akasema, "yule aliingia kwenye mpira kwa sababu mpira ulikuwa ziwani. Kwenye mizizi ni minyoo. Kamongo hatagi kwenye nyanya."