Kila Siku

Tulipoambiwa kwamba watu wa kupima moshi na kuni za viwandani watafika kwenye kiwanda chetu cha vigae, hapa Gitega, mimi nilikuwa msimamizi wa tanuru. Nilifanya kama mama alivyokuwa akifanya mgeni akija. Nilifagia uwanja, nikaficha kuni mbichi nyuma ya banda, nikatoa mikaratusi mikavu iliyokaa chini ya paa kiangazi kizima.

Mchochezi wa moto alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Kifua chake kilikuwa kimeanza kuharibika kwa moshi. Alinitazama nikipanga kuni, akacheka mpaka akakohoa.

"We shemeji, ni harusi ya nani?"

"Nyamaza. Wakubwa wako wanakuja."

Alikuja binti mhandisi. Akapima kuni kwenye mizani, akaingiza kifaa chake katika bomba la moshi kusoma hewa ya ukaa. Moshi ulitoka mwembamba, karibu mweupe. Akanigeukia.

"Mzee, inawakaka hivi kila siku?"

"Kila siku."

Shemeji akatazama chini. Kwetu mtu hamvui nguo mkubwa wake mbele ya mgeni.

Nilidhani wanatafuta wa kumwadhibu. Kumbe walitafuta wa kumsaidia: kiwanda kinachokula kuni nyingi na kutoa moshi mwingi ndicho kingejengewa tanuru jipya. Letu lilionekana zima kabisa. Tanuru jipya likaenda Muyinga.

Nililiona nilipokwenda kumzika shangazi kule Giteranyi, huko huko Muyinga. Mchochezi wao alisimama kando ya moto, shati lake safi, anapiga mluzi. Msimamizi wao akaniambia, "Sisi, mon vieux, mzee wangu, tulimuonyesha yule binti kuni ziko na majani bado. Aibu tulisikia, lakini tulimuonyesha."



Sasa nimestaafu, naishi Magarama. Shemeji bado analisha tanuru lile lile, na kila asubuhi hupita mlangoni kwangu. Kikohozi chake hufika kabla yake. Jina langu amelisahau kwa makusudi. Huniita Kila Siku, na utani wa shemeji haukasirikiwi.

"Pumzika, basi," nilimwambia juzi.

"Nani atachochea? Wewe?"

Siku hizi hana pumzi ya kulitamka jina lote. Husema "Kila," anainama, anakohoa. Mimi ndiye ninayelimalizia.