Madoa Yasiyofifia Miguuni mwa Sitti

Saa kumi na mbili asubuhi, umande haujakauka, Echata Mbaé yuko tayari kati ya milangilangi, miti ya maua ya manukato, kisiwani Nosy Be, Madagaska, kapu kiunoni. Kabla hajachuma hata ua moja, anawaita wachumaji wenzake tisa.

"Nionyesheni mikono. Na miguu."

Kila doa jekundu analibonyeza kwa kidole. Likififia, anamruhusu mwenye doa aende kazini.

Miaka kumi na mmoja ya kuchuma langilangi ilimzoesha madoa: vipele vya joto, kuumwa na chungu, majani yanayowasha. "Unaosha kwa maji baridi, hujikuni, siku tatu yamekwisha," anasema kwa Kikomoro kilichochanganyika na Kimalagasi.

Asubuhi moja ya Machi mwaka huu wa 1963, binamu yake Sitti, mwenye miaka kumi na tisa, aliketi chini shambani akilalamikia homa na kichwa. Miguuni alikuwa na vidoa vyekundu, kama vya kuchomwa sindano.

"Nilimkemea," anasema Echata. "Nilimwambia: acha uvivu, madoa hata mimi ninayo!"

Kufika saa nne, vidoa vilikuwa vimepanda mapajani na kugeuka zambarau. Shingo ya Sitti ilikuwa imekakamaa, haiwezi kuinama. Wakampakia kwenye mkokoteni wa maua, wakakimbia naye zahanati.

Muuguzi Djaffar alichukua bilauri, akaigandamiza juu ya doa la mkono wa Echata. Likapotea. Akaigandamiza mguuni mwa Sitti.

"Halikupotea!" anasema Echata. "Lilibaki vile vile ndani ya kioo. Djaffar akaniambia, 'Dada, hii ni homa ya uti wa mgongo; damu inavuja chini ya ngozi. Mngengoja hadi jioni, mngemzika.'"

 

Sitti alichomwa sindano za penisilini, akalazwa siku ishirini na tatu. Amepona, ila sikio la kushoto halisikii tena. Echata alipomwendea kumwomba radhi, Sitti alicheka.

"Rudia, dada. Njoo upande wa kulia."

Sasa jioni Sitti anamfundisha herufi. Mwezi wa kumi Echata anataka kwenda mji wa Mahajanga kuomba mafunzo ya usaidizi wa wauguzi. Watu wanamwambia miaka thelathini na minne ni mingi mno kuanza shule.

"Wakinikataa, nitarudi mwaka kesho," anasema. "Mimi nilikuwa na macho, lakini sikuona. Nataka nifundishwe kuona."