Fungu la Wazee

Kwa Beatrisi, kikombe cha kwanza kutoka kwenye mtambo wa gongo hakikunywewa. Kilimwagwa chini ya mkorosho, kikaitwa fungu la wazee, na aliyeuliza sababu alipigwa kofi. Bintiye Anastazia aliishika amri hiyo bila kujua maana yake.

Walikuwa watu wa kambi ya mkonge, kando ya barabara ya Pangani. Beatrisi alipofariki, Anastazia alirithi mapipa, mrija wa shaba na mdogo wake, Fanueli. Alivundika mashina ya mkonge mpaka yakachacha, akayachemsha, akaukusanya mvuke ukawa gongo. Sheria inaikataza, naye alijua. Lakini kwa gongo hiyo Fanueli alijifunza ushonaji, akafungua kibanda Makorora, akasifika kwa kudarizi shingo za kanzu, kazi inayotaka macho.

Mwaka jana Anastazia aliokoka. Wenzake wa maombi wakamkuta akimwaga kikombe kile.

"Dada Anasta," mmoja akamtania, "Jumapili kwa Bwana, Jumatatu kwa mizimu?"

Aliona haya, akaapa kutowapa wazee kitu tena. Kuacha gongo hakuapa. Kati ya mambo mawili aliliacha lile lililokuwa jema.

Vikombe vya kwanza akawa anavikusanya kwenye chupa, maana vilikuwa vikali kuliko vyote, na kitu kikali huwekewa mtu wa maana. Pasaka Fanueli alipokuja kumsalimu, akampa.

"Hii sijamwonjesha mtu. Ni yako, baba."

Fanueli alikunywa akicheka, akasema kumbe dada kaokoka pamoja na mkono wake wa kupika gongo.

Kesho yake jua lilikuwa limeshapanda, mlango u wazi. Fanueli aliketi kitandani, akauliza taratibu, "Dada, kwani hakujakucha?"

Hospitalini daktari alieleza kwamba mtu akikeneka pombe, yaani akiichemsha na kukusanya mvuke wake, sumu ndiyo inayotangulia, kwa kuwa huwahi kuchemka. Kwa hiyo cha kwanza hutupwa. Anastazia alisema mama hakumwambia. Huenda Beatrisi naye hakuambiwa. Alipokea amri tupu, akairithisha tupu.

Aliporudi aliyapasua mapipa kwa shoka. Ilikuwa kazi bure.

Cherehani ya Fanueli imeuzwa, na mkewe ndiye anayemshika mkono kumpeleka uani. Anastazia akibisha hodi, hujibiwa kwamba amelala, hata saa sita mchana. Fanueli amepoteza macho yake. Anastazia amepoteza ndugu yake wa pekee.